Malipo Ishirini na Nane ya Mwalimu Samuel

Siku ya kwanza nilipopanda ngazi za nyumba ya Bi Mwanatumu, pale Ndia Kuu, Mombasa, nilikuwa na kompyuta begani na imani nyingi kuliko uzoefu. Nilikuwa nimehitimu shahada ya biashara mwaka mmoja tu uliopita. Siku tatu za wiki nilifanya kazi Shimanzi, katika ofisi ya kampuni ya malori, nikiandika ankara za mizigo. Siku zilizobaki nilimtafuta mtu yeyote ambaye hesabu zake zimemshinda. Niliamini, na bado naamini, kwamba hesabu safi ni namna ya wema. Humpunguzia mtu hofu.

Aliyenipeleka kwake ni mdogo wake, Bwana Abdulghafur, wakala wa kutoa mizigo bandarini, ambaye hupita ofisini kwetu karibu kila siku.

"Binti Nyevu," aliniambia akiwa ameegemea meza yangu, "wewe si ndiye mwenye ile programu ya kupanga matumizi ya mtu binafsi? Dada yangu yuwasafiri. Nataka umtie ndani ya kompyuta kabla hajaondoka."

"Nimtie dada yako ndani ya kompyuta?"

"Daftari lake, wewe! Dada yangu mwenyewe haingii. Hata lifti haingii."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kaka yao mkubwa alifariki miaka sita iliyopita, akaacha binti mmoja, Shukri, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na hana mama. Kabla ya kufa, alimpa bintiye hiba ya duka lililo chini ya nyumba ile, ambalo limepangishwa kwa muuza vinyago na masanduku ya kizamani. Kodi ni elfu kumi na nane kwa mwezi. Kwa kuwa Shukri alikuwa mtoto, kodi iliingia katika akaunti ya shangazi yake, Bi Mwanatumu, naye akawa anamlipia karo, sare, daktari na kila kitu kutoka humo. Sasa Shukri ametimiza miaka kumi na minane. Na Bi Mwanatumu, baada ya kuweka akiba kidogo kidogo kwa miaka mingi, alikuwa ameandikishwa kwenda Maka kwa umra pamoja na wanawake wenzake wa mtaani.

"Siwezi kwenda kule na mali ya yatima mkononi," aliniambia siku hiyo ya kwanza, baada ya salamu ndefu zilizowafikia mama yangu kule Rabai na mama yake mama. "Nataka nimkabidhi mwenyewe amana yake, imetimia, nipande ndege mikono mitupu. Wanielewa, mwanangu?"

Nilimwelewa. Tabu ilikuwa moja tu: akaunti ilikuwa moja na wenyewe wawili. Mumo humo iliingia kodi ya Shukri, na mumo humo iliingia pensheni ya Bi Mwanatumu, aliyefundisha chekechea kwa miaka thelathini. Kazi yangu ilikuwa kuzitenganisha fedha hizo mstari kwa mstari, hadi kila shilingi ijue mwenyewe.

Kisha akanipa daftari, kwa mikono miwili.

Nimeona vitabu vya hesabu vya makampuni yenye malori arobaini. Sijaona kitu kama daftari lile. Lilikuwa jekundu, la jalada gumu, na kila siku iliyokuwa na malipo ilikuwa na ukurasa wake. Mistari ilichorwa kwa rula. Palipokuwa na kosa, alikata mara moja tu, mstari mwembamba, ili kosa lenyewe lionekane. Katika miaka sita hapakuwa na ukurasa uliochanwa. "Viatu vya shule, 1,850." "Dawa ya pumu, 640." "Kodi imeingia, 18,000, alhamdulillahi." Babake, alinieleza, alikuwa karani wa bohari moja Shimanzi, na yeye akiwa msichana mdogo alikuwa akiketi karibu naye akimwangalia anavyofunga hesabu za siku. Yote alijifunza kwake.

"Ya Shukri niliandika," alisema. "Yangu mimi sikuandika. Yangu usiyasome sana, mwanangu. Yangu ni samaki na dawa za magoti."

"Na kuna malipo yoyote ya Shukri uliyotoa taslimu, Bi?"

"Hakuna hata moja. Pesa taslimu haina shahidi. Nilipeleka kwa simu kutoka benki, au nilikwenda benki mwenyewe."

Jumamosi mbili tuliketi sebuleni, Shukri akisoma daftari kwa sauti, mimi nikiandika katika programu. Ni msichana mwenye kicheko cha ghafla, na alisoma maisha yake mwenyewe kwa mshangao. "Kumbe nilivunja miwani mara tatu? Shangazi, mbona hukunigombeza?" Na kutoka jikoni sauti ikajibu, "Nilikugombeza. Hukusikia kwa sababu hukuwa na miwani."

Daftari lilipokwisha, nilipakua taarifa ya benki ya miaka yote sita na kuiingiza katika programu. Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Programu huchukua mstari wa daftari na kuutafutia mwenzake katika benki: kiasi kile kile, tarehe ile ile. Ikimpata, huweka alama ya kijani. Mstari wa benki usio na mwenzake ungekuwa wa Bi Mwanatumu, samaki na dawa. Mstari wa daftari usio na mwenzake haukupaswa kuwapo kabisa.

Kabla haijaanza, programu huuliza: ikubali tofauti ya siku ngapi kati ya daftari na benki? Nilijua kwamba benki yake huandika malipo siku ile ile yanapotoka. Nikaandika sufuri. Niliiandika kwa fahari. Nilijiambia kwamba mwanamke mwenye daftari kama lile hastahili kuhurumiwa hata siku moja.

Alama za kijani zikaanza kushuka kama mvua. Mistari mia tatu na kumi na mmoja ya daftari. Mia mbili themanini na mitatu ikapata wenzake.

Ishirini na minane haikupata.

Yote ilikuwa ya namna moja: "Masomo ya hisabati, Mwl. Samuel, 1,500." Mara moja kwa mwezi, kuanzia katikati ya kidato cha pili cha Shukri hadi mwisho wa kidato cha nne. Nilitazama benki tarehe hizo. Hakuna kitu. Nilitafuta jina Samuel katika mistari yote ya miaka sita. Halikuwamo hata mara moja. Upande wa Bi Mwanatumu nilikuwa nimeshaupanga kwa haraka, kwa heshima ya faragha yake: umeme, maji, duka la dawa, na majina ya watu, akina Ketty na wengine waliojirudia, ambao niliwaweka wote jikoni nikidhani ni wauza samaki na mboga. Sikurudi huko. Lile lilikuwa fungu lake.

Ishirini na nane mara elfu moja na mia tano ni elfu arobaini na mbili. Maana yake ilikuwa wazi, na sikutaka kuitazama: daftari lilisema fedha za Shukri zimelipia masomo, na benki ilisema haijui masomo yoyote.

Jumatatu, Shimanzi, nilimweleza Kioko wakati wa chakula cha mchana. Kioko ni karani mkuu wetu, mtu wa Machakos aliyekaa Mombasa miaka ishirini, na yote niliyoyajua kuhusu kazi halisi, tofauti na ya darasani, yeye ndiye aliyenifundisha. Alisikiliza huku akitafuna muhogo wa kukaanga, lori likinguruma dirishani.

"Weka marekebisho," alisema.

"Marekebisho gani?"

"Mstari mmoja. 'Tofauti, elfu arobaini na mbili.' Kila ofisi unayoiona hapa inao mstari huo. Hesabu inafungika, watu wanaenda nyumbani."

"Kioko, ni mali ya yatima."

"Basi andika 'tofauti ya yatima'."

Sikucheka. Akanitazama, akasukuma sahani ya muhogo upande wangu.

"Nyevu, wewe utakufa maskini na leja zako zote zikiwa safi. Kula."

Sitasema kwamba sikujaribiwa. Kitufe cha marekebisho kipo pale chini, upande wa kulia, na kinahitaji kubonyezwa mara moja tu. Bi Mwanatumu asingejua. Lakini nilikumbuka yale makosa aliyoyakata kwa mstari mwembamba ili yaonekane, nikaona haya. Mtu aliyekataa kujifichia kosa la shilingi kumi, mimi ni nani nimfichie elfu arobaini na mbili?

Jumanne jioni nilimweleza, Shukri na Bwana Abdulghafur wakiwapo. Nilikuwa nimechapa karatasi yenye tarehe zote ishirini na nane, na juu yake nimeandika, kwa lugha niliyofundishwa, "Malipo yasiyothibitika." Aliisoma, kidole kikishuka mstari baada ya mstari. Nilitamani ningekuwa nimeandika maneno mengine.

"Nilimlipa," alisema mwishowe. "Namwona hapo mlangoni akivaa viatu. Nilimlipa kwa simu hii hii."

"Tumpigie Mwalimu Samuel basi," akasema Bwana Abdulghafur.

"Alihamia Kitale mwaka jana," Shukri akajibu. "Nimepiga mara nne. Nambari haipatikani."

Bi Mwanatumu akaniangalia. "Una hakika, mwanangu?"

"Programu ina hakika, Bi."

"Sikukuuliza programu."

Nilisema nimetazama mara tatu, na hilo lilikuwa kweli.

Akaiweka karatasi juu ya daftari, akailainisha kwa kiganja. "Basi nitalipa. Elfu arobaini na mbili zitoke katika fungu langu ziingie la Shukri."

Sote tulijua fungu lake lilikuwa kiasi gani. Mimi ndiye niliyelihesabu: salio la benki, ukitoa fedha za Shukri kama daftari lilivyozisema. Lilikuwa shilingi elfu arobaini na saba na mia tatu. Na malipo ya mwisho ya umra, elfu arobaini na tano, yalitakiwa kabla ya Jumamosi saa sita mchana; asiyelipa, nafasi yake hupewa mwingine.

"Dada," alisema Bwana Abdulghafur, "subiri kwanza. Hata kama ni kweli, elfu arobaini na mbili kwa miaka sita! Humu mjini kuna watu wamekula nyumba nzima za mayatima, na Maka wamekwenda mara tatu."

"Waulize wao hulalaje. Mimi nataka kulala."

"Nitakukopesha mimi."

"Una watoto wanne shuleni, na huko siendi kwa deni."

Shukri alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti chake. "Shangazi, mimi nimesamehe. Mbele ya Ami Abdulghafur na Da Nyevu. Nimesamehe zote."

Bi Mwanatumu alimshika kidevu. "Husamehe usichokijua, mama. Kama nilizila, hujui nilizila vipi. Kama sikuzila, huna cha kusamehe. Wacha nilipe. Umra ina mwakani."

Alisema hivyo kwa sauti nyepesi kabisa. Lakini alipoinuka kwenda jikoni, alishikilia ukuta kwa sababu ya yale magoti, na niliona Bwana Abdulghafur akigeuza uso kutazama dirishani. Mwaka huu magoti yangemfikisha. Mwakani hakuna aliyeweza kusema.

Nikateremka ngazi nikiwa na ile kompyuta begani, na kwa mara ya kwanza niliihisi nzito.

Tulikubaliana nirudi Alhamisi baada ya kazi ili tufunge hesabu pamoja, na Ijumaa asubuhi aende benki kuhamisha fedha zote za Shukri. Alhamisi ilikuwa tarehe kumi na tatu. Nilifika jua likikaribia kuzama. Chini, muuza vinyago alikuwa akiingiza masanduku yake dukani. Shukri alinifungulia, akaniletea kahawa na visheti. Adhana ya magharibi ikalia, kwanza msikiti wa karibu, kisha mwingine nyuma yake, na Bi Mwanatumu akaingia chumbani kuswali.

Alipotoka alikuwa bado amejitanda leso ya kuswalia. Alikuwa mtulivu kuliko sisi.

"Kabla ya hiyo karatasi yako," aliniambia, "kuna kazi moja. Chuo kinataka ada ya fomu ya Shukri, elfu mbili. Nilipe sasa hivi, iwe ya mwisho kwa mkono wangu."

Akatoa simu, akavaa miwani, akalipa, akasubiri ujumbe, akausoma mara mbili. Kisha akachukua daftari na rula. Nilikuwa nimelisoma daftari lile zima lakini sikuwahi kumwona akiliandika, nikasogea karibu.

Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa wa siku hiyo: "Alhamisi 13," na chini yake mstari mmoja tu wa asubuhi, nauli ya Shukri kwenda chuoni. Sehemu kubwa ya ukurasa ilikuwa tupu. Bi Mwanatumu hakuandika hapo. Aliweka rula chini ya ule mstari wa asubuhi, akapiga mstari wa kufunga, akafunua ukurasa mpya na kuandika juu yake, kwa mwandiko wake uliosimama: "Ijumaa 14."

"Bi," nikasema, "leo ni Alhamisi."

"Ilikuwa."

"Ni tarehe kumi na tatu."

"Kumi na tatu imekwenda na jua. Hukusikia adhana?" Aliendelea kuandika, "Ada ya fomu ya chuo, 2,000," bila kuinua kichwa. "Usiku huanza siku, mwanangu. Baba alikuwa akisikia magharibi, anapiga msitari, anafunua ukurasa, hata kama alikuwa ameandika neno moja tu tangu asubuhi. Akisema daftari lisilofungwa na magharibi halifungwi na mtu."

Nilijua. Hilo ndilo lililoniuma baadaye. Nimekulia Rabai na kusoma na watoto wa Kiislamu. Nilijua tangu utotoni kwamba kwao usiku hutangulia mchana wake. Nililijua kama mtu anavyojua jina la mtaa asiokaa. Sikuwahi kufikiri kwamba lingeweza kuingia ndani ya hesabu, likaketi humo miaka sita, likiningojea.

"Bi Mwanatumu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya ajabu kiasi cha Shukri kuweka kikombe chini, "Mwalimu Samuel alikuwa akija saa ngapi?"

"Baada ya magharibi. Mchana alifundisha shule yake. Kila Alhamisi jua likishazama, kwa saa moja na nusu."

"Na malipo?"

"Alhamisi ya mwisho ya mwezi, akimaliza kufundisha. Nalipa, namwonyesha ujumbe, anavaa viatu, naandika."

"Na unaandika Ijumaa."

"Niandike nini tena?"

Nilifungua kompyuta. Kwanza nilitazama kalenda. Zile tarehe ishirini na nane nilizozichapa kwa fahari, nilizozitazama mara tatu kama nambari tupu, zote, moja baada ya nyingine, zilikuwa Ijumaa. Hakuna hata moja iliyokuwa siku nyingine. Karo alilipa asubuhi, viatu mchana, daktari adhuhuri. Mwalimu Samuel peke yake ndiye aliyelipwa jua likiwa limezama.

Nikarudi kwenye lile swali la programu. Tofauti ya siku ngapi? Nikawaonyesha sufuri yangu, nikaifuta, nikaandika moja.

Alama za kijani zikaanza. Shukri alikuwa akihesabu kwa sauti begani mwangu, "tatu, nne, tano," na kila mstari uliopata mwenzake ulionyesha jina lililokuwa benki.

"Ketty?" nikasema. "Bi, Ketty ni nani?"

"Ketty? Mkewe mwalimu. Laini ya pesa ilikuwa ya mkewe. Yeye mwenyewe akisema simu yake haikai na shilingi."

Shukri akaanza kucheka kile kicheko chake. "Da Nyevu, ulikuwa umemweka wapi?"

"Jikoni," nikasema. "Nilimhesabu kama samaki."

"Mwalimu Samuel! Mwenye tai!"

Hata Bi Mwanatumu alicheka, akajifuta machozi kwa pembe ya leso, na sikuweza kujua kama yote yalikuwa ya kicheko. "Miaka miwili na zaidi tumemla mwalimu wa watu," alisema. "Mola atusamehe."

Shukri alifika ishirini na saba, hesabu ikaishia hapo. Mstari mmoja ulikuwa bado mtupu. Ulikuwa wa mwezi wa nane, mwaka juzi. Nilitazama siku moja nyuma, siku tatu nyuma, wiki nzima mbele. Ketty hakuwapo mwezi ule. Labda mtandao ulikatika na pesa hazikwenda, na mwalimu kwa haya hakusema. Labda Bi Mwanatumu alimpa taslimu siku hiyo moja akasahau. Nilitafuta hadi kahawa ikapoa.

Hatua zikasikika ngazini. Bwana Abdulghafur aliingia, akatutazama nyuso, na kabla hajaketi Shukri alikuwa amemweleza yote kwa pumzi moja. Alipiga makofi. Alinishika mkono. Kisha akasikia habari ya ule mmoja.

"Elfu moja na mia tano? Ah! Hiyo sasa iwekeni marekebisho, twende."

Nilimtazama Bi Mwanatumu. Nilijua atakalosema, na nilifurahi kwamba nilijua.

"Huyo mmoja ni wangu," alisema. "Nyevu, toa katika fungu langu. Itabaki ngapi?"

"Elfu arobaini na tano na mia nane, Bi."

"Na umra ni elfu arobaini na tano. Mia nane za bodaboda na maji ya kunywa. Nimetosheka."

Nilitazamia Shukri apinge tena. Hakupinga. Aliuvuta ukurasa wa mwisho wa daftari, na shangazi yake akaandika: malipo ya mwezi wa nane hayakuonekana, yamerudishwa, 1,500. Shukri akatia sahihi yake pembeni, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayeanza kazi. Kisha daftari likafungwa, na Bi Mwanatumu akamkabidhi kwa mikono miwili, kama alivyonipa mimi siku ile.

"Bi," nikasema nilipokuwa nikiondoka, "nisamehe. Ile karatasi. Niliandika maneno makali, na kosa lilikuwa langu."

"Ulinihesabu kama mgeni," alisema. "Ndivyo inavyotakiwa. Ungenipendelea juzi, leo nisingekuamini uliponambia niko salama." Akaongeza, "Lakini siku nyingine, mwanangu, kabla hujamwandikia mtu sufuri, muulize jua lake huzama saa ngapi."

Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa ya saa mbili kazini. Kioko aliniuliza kama nimeweka marekebisho. Nikamwambia nimepata watu ishirini na saba na mmoja amelipiwa. Akasema haelewi, lakini niende.

Tulikwenda benki sisi watatu. Fedha za Shukri zilihamia katika akaunti yake mwenyewe, na alitazama ujumbe kwenye simu yake kwa muda mrefu. Kisha Bi Mwanatumu akaketi kwenye kiti cha pale benki, akavaa miwani, akatoa simu ili alipie umra. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Akaniangalia juu ya miwani.

"Nyevu. Hapa benki leo ni siku gani?"

"Ijumaa, Bi. Tarehe kumi na nne."

"Na kwangu pia ni Ijumaa. Jua liko juu, kila mtu yuwaliona." Akabonyeza. "Hii nimelipa mchana, nisimsumbue mtoto wa watu."